Vyeti Tunavyo, Mlango wa Malipo Ndio Umefungwa

Kama kuna kitu ambacho kambi ya Kakuma haikosi, ni vyeti. Ingia nyumba yoyote yenye kijana aliyemaliza kidato cha nne, uliza, utaletewa faili ya plastiki kutoka chini ya kitanda. Ndani kuna cheti cha kompyuta ya msingi, cheti cha kutengeneza tovuti, cheti cha ujasiriamali wa kidijitali, na kingine cha uongozi ambacho hata mwenyewe hakumbuki walifundishwa nini. Vingine vina nembo tano pale chini mpaka sahihi imekosa pa kukaa. Sisi wenyewe tunavyo. Kuna mmoja wetu anavyo saba, na saa hii anauza chapati Kakuma One. Chapati zake ni nzuri, hatumdharau, lakini hakuna hata cheti kimoja kilichomfundisha kukanda unga.

Swali tunaloulizwa na wageni ni lilelile kila mwaka: sekta ya teknolojia ifanye nini ili nchi maskini zipate maendeleo? Ni swali zuri. Mwaka 2024 shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, lilihesabu watu bilioni 2.6 ambao hawatumii intaneti kabisa, na wengi wao wako upande wetu wa dunia. Lakini jibu wanalokuja nalo ni lilelile pia: tuwafundishe vijana. Wanakuja na laptopu kumi kwa vijana mia mbili, wiki mbili za mafunzo, soda, picha ya pamoja, cheti. Halafu kozi nyingine. Sisi tunasema, kwa heshima yote, mafunzo yametosha kwanza. Kinachotukaba hakiko kichwani mwetu. Kiko kwenye menyu ndogo ya kuchagua aina ya kitambulisho.

Tuwaeleze vizuri, kwa sababu watu wengi wa nje hawaijui hii.

Mwenzetu mmoja wa hiki kikundi alipata kazi ya mtandaoni ya kusikiliza rekodi za Kiswahili na kuandika yanayosemwa. Alifanya wiki tatu, usiku kwa usiku, juu usiku ndio kuna bando la bei nafuu na ndio watoto wamelala. Ukurasa wake ukaonyesha dola 86. Akabonyeza kutoa pesa. Wakamuuliza nchi, akaweka Kenya. Wakamuuliza aina ya kitambulisho: kitambulisho cha taifa, pasipoti, leseni ya udereva. Basi, hakuna la nne. Akapiga picha kadi yake ya mkimbizi, kadi iliyotolewa na serikali, yenye picha yake, nambari yake na tarehe, akaiweka pale kwa kitambulisho cha taifa, maana angeiweka wapi? Dakika mbili, mashine ikajibu nyaraka hailingani. Mara ya tatu akaunti ikafungwa kwa sababu za usalama. Barua pepe aliyoandika ilijibiwa na roboti ikamshukuru kwa uvumilivu wake. Hiyo kampuni hatuitaji jina, na kusema kweli jina halisaidii, kwa sababu nyingi ziko hivyohivyo.

Sasa mnajua watu wanafanyaje? Wanakodi akaunti. Kuna mtu Nairobi au Eldoret ana akaunti iliyokubaliwa, anakupa uitumie, pesa zinaingia kwake, anakata sehemu yake. Mwingine anakata theluthi, mwingine nusu. Siku akiamua kubadilisha nywila, umemaliza. Utamshtaki kwa nani, na kazi uliifanya kwa jina lake? Na laini za simu ni hivyohivyo: kijana anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenye duka, ama la boda aliyemjua mjini. Akigombana na mwenye jina, pesa yote ya M-Pesa iko mkononi mwa mtu mwingine. Dada mmoja wa Kalobeyei aliwahi kutuambia kwamba kila asubuhi anamsalimia mwenye laini yake hata kama hataki kumsalimia. Tulicheka, lakini fikirieni hayo maisha.

Wakitujibu, wanasema ni sheria za kuzuia pesa haramu. Sawa. Sheria hizo zinataka kampuni ijue mteja wake ni nani. Hapo ndipo tunashangaa, kwa sababu duniani hakuna mtu anayejulikana kuliko mkimbizi! Vidole vyote kumi wamechukua. Macho wamepiga picha. Jina la baba, la mama, kijiji, siku tuliyovuka mpaka, ugonjwa tuliougua, yote yako kwenye kompyuta. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 una kifungu cha 27 kinachosema nchi itoe karatasi za utambulisho kwa mkimbizi asiye na hati ya kusafiria, na kifungu cha 28 juu ya hati za kusafiria zenyewe. Kenya nayo ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ambayo inamtambua mkimbizi kama mtu anayeweza kufanya kazi na biashara. Yaani bunge limeshaamua, na tunajua utekelezaji wake una safari ndefu bado, lakini limeamua. Anayebaki nyuma ni mtu aliyeandika ile menyu, na huyo pengine hajawahi hata kusikia neno Turkana.

Kuongeza mstari mmoja kwenye menyu kunagharimu kiasi gani? Tunajua siyo mstari tu. Lazima kuwe na njia ya kuthibitisha kadi, mtu wa kuongea na ofisi ya serikali inayoitoa, mafunzo kwa wale wanaokagua. Ni kazi ya miezi. Lakini ni kazi ambayo kampuni kubwa inaifanya kila inapoingia nchi mpya yenye wateja wa pesa. Wakitaka kuuza, wanajifunza leseni za udereva za nchi hamsini. Sisi hatuhitaji wajifunze hamsini. Ni kadi ya mkimbizi ya Kenya, ya Uganda, ya Tanzania, ya Ethiopia na nyingine chache, na tayari utakuwa umefungua mlango kwa mamilioni ya watu.

Kuna wazee hapa watasema, nyinyi vijana mnaongea menyu na watu hawana maji. Mzee, tunakuheshimu, na maji tunayachota sisi. Lakini mwaka 2025 mgao wa chakula ulipokatwa na familia zikapangwa katika makundi manne, wengine wakapata kidogo na wengine wakaambiwa wajitegemee, swali lilikuwa: wajitegemee kwa nini? Ukimwambia mtu ajitegemee, mpe basi njia ya kupokea pesa aliyoifanyia kazi kwa mkono wake. Huwezi kumfungia mlango wa mbele na wa nyuma halafu umuulize mbona hatoki.

Na msifikirie kwamba Kakuma ni watu laki mbili na zaidi waliokaa kungoja. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara binafsi, walitoa ripoti iliyoiangalia Kakuma kama soko, siyo kama kambi. Walikadiria uchumi wa hapa, kambi na mji wake, kuwa shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, karibu dola milioni 56. Sisi hatukushangaa. Tunaona maduka ya jumla ya Wasomali na Waethiopia, tunaona vinyozi wa Kongo, tunaona Waturkana wanaoleta kuni, makaa na mbuzi. Waliofanya ripoti ndio walionekana kushangaa kidogo.

Hebu tuangalie kitu kilichofaulu kweli, ili msiseme tunalalamika tu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Leo watu wanaihadithia kama kampuni mbili zilizoamka asubuhi na wazo la ajabu. Siyo hivyo. Kulikuwa na pesa za serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni moja, Vodafone nao wakaweka zao. Jaribio la kwanza lilikuwa la watu wa mikopo midogo, walipe madeni yao kwa simu bila kupanga foleni. Watu waliopewa zile simu za majaribio wakaanza kufanya mambo yao: kutumia mama pesa, kulipana deni, kuweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Na sifa ya waliohusika ni hii, kwamba waliona, wakaacha mpango wao wa mwanzo, wakafuata kile watu wanachofanya. Benki Kuu ya Kenya nayo haikukimbilia kufunga, iliwaruhusu waendelee huku ikiangalia.

Hayo mambo matatu hatujayaona yakija Kakuma pamoja. Pesa za kuanzia zinakuja. Lakini kumwangalia mtumiaji anafanya nini na kubadilisha mpango, hapana. Huku mpango unafika umeshaandikwa kila kitu mpaka idadi ya wasichana watakaopiga makofi siku ya kufunga. Tumeona apu ya wakimbizi ya kutafuta kazi, apu ya wakimbizi ya kuripoti matatizo, apu ya wakimbizi ya kutafuta apu. Nyingi zinakufa siku mradi unaisha, na ukiifungua inazunguka tu. Wakati huohuo watu wanafanya biashara yao yote kwa makundi ya WhatsApp: huyu anauza sandara, yule ana kadi ya kumbukumbu, mama fulani anachukua oda za sambusa kwa sauti kwa sababu hajui kuandika. Hakuna aliyekuja kuuliza: hapa WhatsApp inakwamia wapi, tuwasaidie?

Tofauti ipo moja, ile ya Bamba Chakula, iliyoanza hapa mwaka 2015. Badala ya kugawa chakula chote kwa gunia, sehemu ya mgao iliingia kwenye simu na mtu akaenda kununua kwa duka lililosajiliwa, mengi ya wakimbizi wenzetu na mengine ya wenyeji. Ilikuwa na matatizo, bei zilipandishwa na wajanja, na deni la dukani likaanza kumeza mgao wa mwezi ujao. Lakini mama aliweza kuamua leo ni maharage ama ni maziwa ya mtoto. Na pesa ilizunguka hapahapa. Teknolojia yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, ya simu ya kitochi. Ndio tunaipenda kwa hiyo sababu.

Sasa twende kwa kazi zenyewe, kwa sababu siku hizi tunaambiwa akili bandia itatuajiri.

Ni kweli kazi zipo. Mashine haijifundishi peke yake, lazima mtu akae aonyeshe: hii ni mbwa, hii ni barabara, maneno haya ni matusi. Kazi hiyo inatafuta mtu anayejua kusoma na aliye tayari kupokea kidogo, na hapo macho yote yanageukia Afrika, na kambi zikiwemo. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kazi iliyofanywa Nairobi kwa ajili ya OpenAI, wale wa ChatGPT, kupitia kampuni ya Sama. Wafanyakazi walisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa watoto siku nzima ili mashine ijifunze kuyakataa. Mikononi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba kati ya kampuni hizo mbili ulisema dola 12.50 kwa saa. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mei ya mwaka huohuo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Sisi hilo ndilo tunaliona kama habari kubwa ya teknolojia ya Afrika ya mwaka 2023, kuliko simu yoyote mpya iliyozinduliwa. Lakini jiulizeni, mkimbizi anayefanya kazi ileile akiwa ndani ya hema kwa akaunti ya kukodi, yeye atajiunga na chama gani? Anaanza mazungumzo ya mshahara akiwa hana hata jina. Ndio maana tunarudi kwa kitambulisho kila mara, msituchoke. Mtu ambaye hayuko kwenye orodha ya malipo hawezi kudai malipo bora.

Kuna neno moja linatukera, hatuwezi kulipita. Kazi hizi zikiletwa kwetu zinaitwa "fursa", ama "athari chanya kwa jamii". Kazi ileile ikifanywa na mtu wa Berlin inaitwa kazi, ina mkataba, ina likizo, ina daktari. Sisi tunaofanya kazi kambini tunalijua neno la aina hiyo miaka mingi: insentivu. Mwalimu wa darasa la watoto mia moja na zaidi hapati mshahara, anapata insentivu. Tunaogopa sekta ya teknolojia imekuja ikaona mfumo wa insentivu ikaupenda.

Upande wa lugha hata hivyo tuna kitu cha kuuza, na tusikiuze kwa bei ya nyanya za jioni. Juni 2024 Google waliongeza lugha 110 kwa mpigo kwenye mtambo wao wa kutafsiri, na Kidinka, Kinuer na Kirundi zikiwemo. Hapa Kakuma hiyo siyo habari ndogo. Tumeona kijana wa Kinuer akimshikia mama yake simu kwa foleni ya hospitali. Lakini tafsiri zenyewe ukizisoma na mwenye lugha, anaguna. Kiswahili ambacho mashine inakijua ni cha magazeti ya Dar na Nairobi. Mwambie "niko na sikia baridi mu mwili mzima" kama anavyosema mgonjwa wa Kivu, uone itakachokujibu. Watu wanaoweza kusahihisha hayo ndio sisi. Darasa moja la hapa lina lugha kumi na zaidi, na karibu kila mtoto anatafsiri kwa mwenzake bure tangu akiwa na miaka sita. Kama kuna kampuni inataka kweli kusaidia, ituajiri kwa hilo kwa bei wanayomlipa mtafsiri wa Kifini, na rekodi zetu zibaki na masharti yetu: nani anazitumia, kwa kazi gani, na haki ya kuziondoa.

Hiyo haki ya kuondoa inatupeleka kwa jambo ambalo wengi hawapendi kulisema kwa sauti, juu wanaogopa wataonekana hawana shukrani.

Sisi tumetoa vidole. Hatukuulizwa kama tunataka, na hata kama kuna fomu ya kuweka sahihi, mtu mwenye njaa hakatai fomu. Mwaka 2021 Human Rights Watch walieleza jinsi taarifa za Warohingya waliokimbilia Bangladesh zilivyopelekwa na Bangladesh kwa serikali ya Myanmar, yaani serikali ileile waliyoikimbia, ili wakaguliwe kama wanaweza kurudishwa. Someni hiyo sentensi tena polepole, mfikirie orodha ya majina yenu, na picha zenu, ikitua kwa meza ya yule mliyemkimbia.

Na hapa Kenya kuna kisa cha ndugu zetu Wakenya wa kaskazini mashariki. Miaka ya njaa, familia za Garissa na pande zile zilijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikaonyesha alama zao za vidole ziko kwenye orodha ya wakimbizi. Maelfu ya raia wakakosa kuwa raia nchini mwao wenyewe. Hakuna aliyepanga kuwaumiza. Ni mashine mbili zilizoongea, na hakukuwa na mtu wa kuzibishia.

Kwa hiyo tukisema tusajiliwe, tuthibitishwe, tuwekwe kwenye menyu, tunasema na hii pia: kila mashine inayoamua juu ya mtu iwe na mlango wenye mtu ndani, anayepokea rufaa, kwa lugha ambayo mwombaji anaielewa, na kwa muda unaojulikana. Familia iliyowekwa kundi la tatu badala ya la pili inataka kujua kwa nini, leo, kabla mtoto hajalala bila kula. Kampuni zinazouza mitambo hii kwa mashirika zinapata pesa nzuri. Rufaa iwe sehemu ya kile wanachouza, kama vile gari linauzwa na breki.

Wengi wetu kwenye kikundi hiki tumetoka Kivu, kwa hiyo hatuwezi kuandika juu ya teknolojia bila kusema juu ya mawe.

Rubaya, huko Masisi, kunachimbwa koltani, ambayo hutoa tantalamu, na tantalamu inaingia ndani ya vifaa vidogo vya karibu kila simu na laptopu. Tangu mwaka 2024 waasi wa M23 ndio wanaoshika mji huo na wanatoza ushuru juu ya kila mzigo. Kuna watu kambini hapa waliondoka Masisi wakiacha mashamba ya maharage na ng'ombe. Wanapiga simu nyumbani kwa kifaa chenye kipande cha kule. Kobalti nayo, ya betri za simu na magari ya umeme, zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sana sana pande za Kolwezi. Desemba 2024 serikali ya Kongo ilipeleka malalamiko ya jinai dhidi ya matawi ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji kuhusu madini ya vita. Apple wakakana, wakasema walishawaambia wanaowauzia waache kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda.

Hapo kwa "kuacha kununua" ndipo tunatofautiana na rafiki zetu wengi wa Ulaya. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria, sehemu ya 1502 ya ile inayoitwa Dodd-Frank, kulazimisha kampuni zitangaze kama madini yao yanatoka Kongo na jirani zake. Nia ilikuwa nzuri. Lakini wanunuzi wengi waliona rahisi kukimbia kabisa, na Rais Kabila naye Septemba mwaka huo akasimamisha uchimbaji Mashariki kwa miezi kadhaa. Vita haikuisha. Kilichokatika ni ada ya shule ya watoto wa wachimbaji. Baba na wajomba wa wengine wetu walikuwa kwenye mashimo hayo. Kampuni ya teknolojia inayotaka maendeleo ya nchi maskini isitoroke Kongo, ibaki, inunue kwa migodi inayofuatiliwa, ilipe bei inayomfikia mwenye koleo, na iwasukume wakubwa zake wanaokaa meza moja na marais wa eneo letu waseme ukweli juu ya nani anasafirisha nini usiku. Kutoa laptopu kumi Kakuma haifuti hesabu ya Rubaya. Hiyo tuliandike wazi.

Tusisahau wenyeji. Kijana wa Kiturkana anayechunga mbuzi nje ya Lokichoggio ana shida nyingi kama zetu, na zingine zaidi. Kitambulisho chake cha taifa anakifuata mbali, mnara wa simu anauona kwa mbali tu, na miradi mingi inampita ikikimbilia kambi kwa sababu kambi ndiyo yenye wafadhili. Mambo haya tunayodai yakifanyika kwa ajili yetu peke yetu yatazaa chuki, na chuki hapa inakuja na mawe kweli kweli. Mnara, umeme wa sola, darasa lenye Wikipedia inayosomeka bila intaneti, vyote viwekwe mahali ambapo pande zote mbili zinafika kwa miguu.

Na jambo la mwisho, dogo, ambalo pengine lingefanyika kesho. Soko la Kakuma One kuna mafundi wa simu. Wengine hawakufika hata darasa la nane. Kwa taa ya sola na waya wa kuyeyusha risasi wanafufua simu ambazo mwenye duka Nairobi angekuambia utupe. Kila mwaka simu zinakuja ngumu zaidi: zimegundishwa kwa gundi, skrini ikibadilishwa simu inakataa kuitambua, betri inatoa onyo kwamba siyo ya asili. Mchoro wa saketi haupatikani, spea halisi haziuzwi hapa, kwa hiyo fundi anajifunza kwa kuharibu. Sisi hatujui ni nani amefanya maendeleo mengi ya kidijitali Turkana Magharibi kuliko hawa jamaa. Simu nyingi ambazo watu wanasomea maandishi haya zimepita mikononi mwao. Kampuni inayotengeneza simu ikitaka kutusaidia, iweke michoro wazi, iuze betri na skrini kwa bei ya fundi, iache simu ikubali kiungo kilichotoka kwenye simu nyingine iliyokufa. Haihitaji kumpa fundi cheti. Akikihitaji, tunavyo vya ziada.